Ugonjwa Wake Mwenyewe

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya vipande viwili vya jiwe la jikoni, vile vyenye kung'aa, vilivyotupwa na karakana ya mawe kwa sababu vilipasuka pembeni. Upande mmoja kuna kibanda cha fundi simu, upande wa pili meza ya mwandika barua na mashine yake ya chapa, na katikati birika la kahawa juu ya jiko la mkaa. Mpita njia anaweza kudhani ni watu wasio na kazi. Si kweli hata kidogo. Wana kazi, tena nzito: kazi yao ni kujua. Hakuna jambo lililowahi kufika pale likakosa mjuzi, na hakuna mjuzi aliyewahi kufungua mdomo pale akakosa wa kumbishia. Asubuhi ile jambo lilifika likiwa limekunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati la Msumeno, na lilitakiwa lirudi ofisini kabla ya saa sita mchana likiwa na sahihi yake.

Msumeno ni jina la kazi. Miaka kumi na saba amekata mawe ya meza za jikoni katika karakana iliyo nyuma ya mtaa huo huo, jiwe la kutengenezwa kiwandani, lile linalopendwa na wenye nyumba kubwa kwa kuwa halinywi mafuta wala halishiki doa. Linakatwa kwa mashine ya umeme yenye kisu cha duara. Kuna mpira wa maji wa kulilowesha lisitoe vumbi, lakini mpira ule ulifungwa siku nyingi, maana maji yalichafua sakafu na wateja walikuwa wanakuja na viatu vizuri. Basi wakakata kavu, kitambaa mdomoni, na jioni wakitoka wote ni weupe mpaka kope. Zamani Msumeno ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote pale kijiweni, sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine. Sasa pumzi yake ni ya kubana matumizi. Akisema maneno matano au sita, lazima atue. Kwa hiyo anachagua maneno, na kwa kweli inamuuma sana kukaa pale akiwasikiliza watu wenye mapafu mazima wakiyamwaga ya kwao ovyo.

— Lete hiyo karatasi tuione, alisema Seminari. Haiwezi kutushinda karatasi.

Seminari ndiye mwandika barua. Alibakiza mwaka mmoja awe padri, akatoka, na sababu ya kutoka hajawahi kumwambia mtu, ingawa kila mtu pale ana toleo lake. Msumeno akaitoa karatasi akampa. Redio, fundi simu, akaweka bisibisi chini akasogea, kwa sababu Redio hawezi kusikia karatasi ikikunjuliwa akabaki kwake. Shangazi, mwenye birika, alibaki kwenye kigoda chake lakini akageuza sikio.

— Wamenipa jana, alisema Msumeno. Wanataka nisaini.

— Unasaini nini?

— Kwamba si kazi iliyoniumiza. Akatua, akavuta hewa. Kwamba ni mapafu yangu tu.

— Usisaini! alisema Redio.

— Wewe hata hujaisoma, alisema Shangazi.

— Shangazi, karatasi ya tajiri haihitaji kusomwa. Inahitaji kukataliwa.

— Tulia wewe, alisema Seminari. Mambo yako hivi. Daktari akisema ugonjwa umetokana na kazi, sheria inambana mwenye karakana. Anamtibu huyu mpaka mwisho, na ile mashine ya kumsaidia kupumua anamletea mpaka nyumbani. Daktari akisema hautokani na kazi, huyu anapewa barua ya shukrani na mkono wa kwaheri. Kwa hiyo yote yako kwa daktari. Daktari amesemaje?

— Hilo hapo, alisema Msumeno. Lililopigiwa mstari.

Seminari akavaa miwani. Upande wa mbele wa karatasi ulikuwa na kizungu cha hospitali, mistari minane hivi iliyobanana, chini kabisa nafasi ya sahihi ya kukubali, na katikati neno moja lililopigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Mstari ule aliuchora msimamizi wa karakana jana, mbele ya Msumeno, kwa rula. Alisema hakuna haja ya kubishana, daktari ameshamaliza kazi: ni ugonjwa wako mwenyewe, mzee wangu, pole sana. Alimwita mzee wangu. Wana umri mmoja.

— I-di-o-pa-thi-ki, alisoma Seminari.

— Mdudu huyo, alisema Redio papo hapo. Jina kama hilo ni la mdudu. Anaingia kwa pua, anataga.

— Anataga wapi?

— Kwenye mapafu, Shangazi, mbona unauliza kama hujawahi kusikia? Kuna joto, kuna unyevu, kuna hewa ya bure. Mimi ningekuwa mdudu ningehamia huko na familia.

— Miaka kumi na saba mdudu anataga, alisema Shangazi, huyu hajapiga chafya hata moja ikatoka na yai?

Msumeno alicheka kidogo, na kicheko kikageuka kikohozi. Wakangoja. Wamezoea kungoja, kikohozi chake kina mwanzo, kati na mwisho, na katikati huwa hawamtazami usoni. Kilipokwisha, Seminari alikuwa ameshavua miwani na kuitia mdomoni sehemu ya sikio, na hapo wote wakajua kwamba leo wamepata somo.

— Si mdudu, alisema. Ni Kigiriki.

— Kigiriki? Huyo daktari ni Mgiriki?

— Daktari ni mtu wa hapa hapa. Neno ndilo la Kigiriki. Mimi nimekisoma Kigiriki miaka miwili, bwana. Tulikuwa tunaamshwa alfajiri, maji ya baridi, halafu Kigiriki. Na tangu nitoke huko, leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananiletea.

Uso ulikuwa umemng'aa. Msumeno aliuona ule mng'aro na ukamkera. Mtu anafurahi kwamba mapafu ya mwenzake yamemkumbusha shule. Lakini alinyamaza, maana alikuwa na haja na kile Kigiriki.

— Neno hili ni mawili yameunganishwa, aliendelea Seminari. La kwanza, idios. Maana yake: ya mtu mwenyewe, ya binafsi, isiyo ya mwingine. Nyumba yangu idios, mke wangu idios. La pili, pathos: yanayompata mtu, mateso, maumivu. Unganisha.

— Maumivu ya binafsi, alisema Redio.

— Ugonjwa wenyewe kwa wenyewe. Ugonjwa usiotokana na kitu kingine. Umejizaa.

Shangazi alimimina kahawa kikombeni mwa Msumeno bila kuombwa.

— Yaani, alisema Shangazi, mapafu ya huyu yamekaa, yakashauriana, yakaamua tu kuumwa?

— Ndivyo neno linavyosema.

— Bila kuchokozwa na mtu?

— Bila kuchokozwa.

— Basi mbona ya kwangu mimi, muuza kahawa, hayajawahi kushauriana? alisema Shangazi, na akaweka birika chini kwa nguvu.

— Ngojeni, alisema Seminari, kwa matumizi ya madaktari maana yake ni nyepesi kuliko hivyo. Wanaliandika pale wanapokuwa hawajapata chanzo. Daktari akikuambia kwa Kiswahili, "sijui kilichokuumiza," utamwona hana maana. Akikuambia kwa Kigiriki, unamwambia asante unaondoka.

— Kumbe ni "sijui," alisema Msumeno.

— Ni "sijui" iliyovaa tai.

Msumeno aliitazama karatasi mikononi mwa Seminari. Usiku kucha alikuwa amelala ameketi, kama anavyolala siku hizi, akilizungusha neno lile kichwani, akiliogopa. Alidhani ni jina la kitu kibaya mno kilichokuwa kikimla ndani. Kumbe neno zima lilikuwa tupu. Aliona hasira, na hasira kwake ni ghali, inakula hewa.

— Na kuna jingine, alisema Seminari ambaye sasa alishapata kasi. Hilo hilo idios ndilo lililozaa neno wanalomtukania mpumbavu. Idioti! Mtu wa mambo yake mwenyewe, asiyeshiriki mambo ya mji.

— Kwa hiyo wamemtukana! alisema Redio. Wamemtukana humo humo! Mmeona? Mimi nilisema. Na ndiyo maana wanatumia Kigiriki, mnajua? Wagiriki wenye lugha hiyo walishakufa zamani. Ukitukanwa kwa lugha ya marehemu utamshitaki nani? Shahidi utamtoa wapi? Hakimu mwenyewe hajui.

— Wagiriki wapo, alisema Seminari.

— Wapo wa sasa hivi. Nazungumzia wale wenye maneno. Wale waliacha maneno yao yote kwa madaktari kama wasia, kwa sharti moja tu: mgonjwa asielewe.

— Umelitoa wapi hilo?

— Hilo halitolewi mahali. Hilo lipo. Tazama mwenyewe: mafua unaelewa, kuhara unaelewa, kwa sababu hayana tajiri nyuma yake. Ugonjwa ukiwa na tajiri nyuma yake unahama lugha.

Redio huwa anaropoka kutwa, lakini kuna siku anaropoka kitu kikakaa. Shangazi alikubali kwa kichwa, kisha akaongeza la kwake, akisema kwamba ofisini kwa tajiri lazima kuna daftari lenye safu mbili, upande huu maneno ya kumbakisha mtu kazini, upande ule maneno ya kumfukuza, na daktari akija anaoneshwa safu. Seminari akasema daftari halipo. Shangazi akamuuliza kama amewahi kuingia ofisini kwa tajiri. Hajawahi. Basi, alisema Shangazi, nyamaza.

— Safu ya kwanza, alisema Msumeno. Akavuta hewa. Ingekuwa na neno gani?

— Safu gani?

— La kunibakisha. La vumbi.

Seminari akamtazama. Halafu akaweka karatasi chini juu ya ubao, akajipiga paja.

— Lipo! Jamani lipo! Na hilo nalo ni Kigiriki! Nyumokoniosisi. Pneumon, pafu. Konis, vumbi. Wenyewe wa zamani hawakuliunda, wataalamu wa juzi juzi walichukua maneno yao wakayashona pamoja. Lakini ni hilo. Pafu lenye vumbi. Ugonjwa wa watu wa machimbo, wa kukata mawe, wa kusaga kokoto.

— Sema tena.

— Konis.

— Konis, alisema Msumeno.

Alilisema taratibu, na akajisikia vizuri ajabu. Lilikuwa neno dogo, linasemeka hata na mtu asiye na pumzi. Kwa hiyo kuna watu mahali fulani waliowahi kumtazama mtu kama yeye, wakaona kilichomo ndani yake, wakakipa jina lake halisi. Alimkumbuka mwenzake aliyekuwa akikata upande wa pili wa meza ile ile miaka tisa, aliyezikwa mwaka jana. Yule waliambiwa ni kifua kikuu. Alimeza dawa za kifua kikuu mwaka mzima na hakikutoka kitu, kwa sababu hakikuwamo.

— Sasa swali, alisema Redio, na akasimama, kwa sababu Redio akifika kwenye swali husimama. Kama neno la vumbi lipo, na daktari amesoma, na mtu mzima amekuja mbele yake amejaa vumbi la miaka kumi na saba, kwa nini aandike lile la kwanza?

— Hajui kazi yake, alisema Shangazi.

— Anaijua sana. Amenunuliwa.

— Redio!

— Amenunuliwa! Nani kati yenu ameliona jiko la yule daktari?

— Wewe umeliona?

— Sijaliona. Na sina haja ya kuliona. Nyumba ya daktari haina meza ya jiwe jikoni? Inayo. Nani anayeuza meza za jiwe hapa? Mmoja. Basi. Kila daktari wa mapafu katika mji huu anakatia nyanya juu ya jiwe la karakana ile, na kila akikata nyanya anakumbuka fadhila.

— Ila hilo... alisema Seminari, akasita. Hilo kwa kweli linaingia akilini.

Msumeno hakuwa na hakika. Alimkumbuka daktari: kijana mwembamba, shati limechoka kwenye kola, aliyemwekea chombo mgongoni na kusema vuta, achia, vuta, achia. Alimwuliza maswali mengi huku akiandika bila kuinua kichwa. Hakufanana na mtu mwenye jiko la kujivunia. Lakini kumchukia kulikuwa rahisi, na ilipendeza kuwa na mtu wa kumchukia ambaye hayupo pale. Kwa mara ya kwanza tangu jana alihisi kuna upande wake, kuna watu wamesimama nyuma yake.

— Tumwandikie, alisema Redio. Mwandikie, Seminari. Sasa hivi. Nakala kwa mkubwa wa hospitali, nakala kwa serikali.

— Naandika, alisema Seminari, na akavuta mashine yake ya chapa, akaingiza karatasi nyeupe. Nitamtajia maneno yote mawili, na asili yake, na maana yake, herufi kwa herufi. Ajue amekutana na watu.

— Mwite idioti, alisema Shangazi. Si umesema ni Kigiriki?

— Hilo tutaliweka kwa adabu.

Mashine ikaanza kulia. Seminari alipiga kwa vidole viwili, kila mstari akiusoma kwa sauti, na kila mstari Redio aliuongezea ukali. Mpaka inatimia saa tano na nusu, barua ilikuwa imefika aya ya tatu na ilikuwa imeshamshitaki daktari kwa rushwa, uongo, na kuidhalilisha lugha ya Kigiriki. Watu wawili waliopita wakasimama kusikiliza, wakatikisa vichwa kwa masikitiko, wakaendelea na safari zao. Msumeno alikuwa ameshika kikombe kilichopoa. Alikuwa akijiandaa kusaini. Si ile ya ofisini, hii. Alikuwa ameshaona atakavyoingia kwa msimamizi na barua mkononi, aiweke juu ya ile rula yake, na kusema neno moja tu la Kigiriki.

Ndipo mkewe alipotokea.

Hakuwa amewahi kufika pale. Wanawake wa mtaa ule hununua kahawa ya Shangazi wakiwa wamesimama na kuondoka, na huyu hata hiyo hakuwa akinunua. Alikuja na mikono iliyolowa mpaka kwenye viwiko, ametoka kwenye beseni, kanga ameifunga kwa haraka. Wote wakajinyoosha kidogo.

— Karibu shemeji, alisema Redio. Karibu ukae.

— Ahsante, shemeji, sikai. Hamjambo? Shikamoo, Shangazi.

— Marahaba, mwanangu.

— Saa sita inakaribia, alimwambia mumewe. Nimeona hurudi. Mmeisoma?

— Tumeisoma, shemeji, alisema Seminari, bila kuacha kupiga chapa. Tumeichambua kuanzia mizizi. Mumeo ameonewa, na tumemjua aliyemwonea.

— Ni nani?

— Daktari, alisema Redio. Ameficha vumbi. Analijua na amelificha.

Mke akasikiliza. Ni mwanamke anayesikiliza mpaka mwisho. Redio akamweleza meza ya jikoni na nyanya, Seminari akamweleza idios na konis, Shangazi akasema daftari lenye safu mbili. Msumeno alimtazama usoni akitafuta kama naye ataingia katika ile furaha yao, lakini uso wake ulibaki vile vile. Walipomaliza akasema:

— Vumbi mimi ninalijua. Miaka kumi na saba nafua nguo zake. Maji yake siyamwagi tena kwenye mtaro, yakikauka yanaganda kama saruji, mtaro wetu umeziba mara tatu tukauvunja kwa nyundo. Nilitaka nimwambie daktari hilo, huyu akaniambia mmesema nisiende, mambo ya hospitali mnayaweza. Iko wapi karatasi?

Ilikuwa juu ya ubao, chini ya kikombe cha Redio. Duara la kahawa lilikuwa limechorwa juu ya mistari ya daktari. Mke akajifuta mikono kwa kanga, akaichukua, akaitazama mbele. Kile kizungu hakikumshughulisha hata kidogo. Akaigeuza.

— Na huku nyuma mmesoma?

Mashine ya chapa ilinyamaza.

— Huku ni Kiswahili, alisema mke.

Na kweli ilikuwa Kiswahili, kilichoandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya bluu, herufi za mtu mwenye haraka lakini za kusomeka. Asubuhi nzima kilikuwa kimelala kifudifudi pale. Wote wanne wanajua kusoma Kiswahili, mmoja wao anakula kwa kazi hiyo. Lakini aliyepiga mstari mwekundu alipiga upande ule, nao wakautazama upande ule.

— Maelezo ya mgonjwa, alisoma mke, kwa sauti ya kawaida, kama anasoma tangazo la maji. Mgonjwa ameulizwa kazi anayofanya. Amejibu: mfanyabiashara. Ameulizwa kama amewahi kufanya kazi yenye vumbi, moshi au kemikali. Amejibu: hapana. Ameulizwa mara ya pili. Amejibu: hapana. Kwa maelezo hayo chanzo hakijulikani.

Akaishusha karatasi.

Msumeno alikuwa anaikumbuka siku ile yote. Kwanza hapa hapa, kwenye ubao huu, asubuhi ya kwenda hospitali. Redio ndiye aliyeanza: ukiwaambia wewe mkata mawe, watakuweka kwenye foleni ya vibarua mpaka jioni, sema mfanyabiashara, utaitwa kwa jina. Shangazi akasema ni kweli, yeye mwenyewe hujiandikisha hivyo. Seminari akamvalisha koti lake, lile la kuendea ofisini ambalo kila mtu wa kijiwe huazima, akamfunga vifungo mwenyewe, na wote wakarudi nyuma hatua mbili kumtazama wakasema sasa huyu ndiye. Na kweli aliitwa mapema. Halafu kijana mwembamba akauliza, vumbi? Na Msumeno, na koti la kuazima, na kadi ya mapokezi iliyoandikwa mfanyabiashara mezani, angejibu nini? Aliona aibu. Aliona akisema ndiyo, ataulizwa kwa nini alidanganya mlangoni. Kijana akauliza tena, polepole, kalamu ikiwa imesimama, na sasa Msumeno alielewa kwamba kijana yule alikuwa karibu anamwomba.

— Ilikuwa ni kwa ajili ya foleni, shemeji, alisema Redio. Hakuwa akitazama mtu.

— Foleni?

— Vibarua wanachelewa kuitwa.

— Aliwahi kuitwa?

— Aliwahi, alisema Shangazi kwa sauti ndogo.

— Wanaweza kumrudisha kwa daktari, alisema Seminari. Aende tena, aseme ukweli.

— Atasema yeye ni nani? aliuliza mke. Ofisini wanayo nakala ya hii. Yule msimamizi hakupiga mstari huku nyuma kwa sababu hakuwa na haja. Alijua hamtageuza.

Seminari alivua miwani, akaikunja, akaikunjua, akaivaa tena. Barua yake ya kumshitaki daktari ilikuwa bado imetoka nusu kwenye mashine, na hakuitoa wala hakuirudisha. Redio alichukua simu ya mtu aliyoiacha imefunguliwa kifuniko na kuanza kuipuliza ndani, akiipuliza tena na tena. Shangazi alikoleza mkaa usiohitaji kukolezwa.

Mke aliikunja karatasi mara nne kwa mikunjo yake ya zamani. Hakuwa amepandisha sauti hata mara moja, na ndicho kilichowaumiza, kwa sababu mtu akipiga kelele unaweza kumwambia atulie.

— Naomba mnisaidie jambo moja, shemeji zangu, na wewe Shangazi, alisema. Nyinyi mnajua mambo. Nimekaa na huyu bwana miaka yote hii, nimezaa naye, namfulia, usiku namkalisha kwenye mito ili apate hewa. Akiulizwa leo ofisini, na mimi nikiulizwa, nataka tuseme kitu kimoja.

— Sema, mwanangu, alisema Shangazi.

— Mume wangu anauza nini?

Redio aliacha kupuliza. Seminari, mwenye lugha nne, aliinamia mashine yake. Mkewe hakuwa amewageukia wao tena, alikuwa amemgeukia Msumeno, na Msumeno akajua kwamba jibu ni lake, na kwamba analo, na kwamba ni fupi, lile lile aliloficha hospitali. Akaweka kikombe chini, akavuta hewa ya kulisemea. Ikamshika kooni, kikohozi kikaanza, kikawa kirefu kuliko cha asubuhi, na safari hii hakuna aliyetazama pembeni. Kilipokwisha ilikuwa imebaki robo saa kufika saa sita, na mkewe alikuwa bado amesimama pale pale, karatasi mkononi, anangoja aambiwe.